Kiwambo cha Pili Hakijafa

Mchagua jembe si mkulima. Wapenzi wa Kiswahili katika vyuo vyetu wamekesha miaka mingi wakibishania iwapo kifaa kilicho mbele yao ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na mimi mwenyewe nimeshiriki ubishi huo kwa furaha. Hata hivyo, kifaa hicho kinapogoma, mabingwa wa istilahi ndio huwa wa kwanza kunyamaza na kumwachia fundi atoe hukumu. Makala hii inadai kwamba kimya hicho hakina udhuru, hasa kwa mwanafunzi wa fasihi, maadamu ujuzi wa kusaka hitilafu anao tayari. Nitatumia mfano mmoja tu: kiwambo cha pili ambacho tarakilishi hukitambua leo na kukikana kesho.

Anayehariri tenzi za kale haoni kiwambo cha pili kuwa anasa. Kushoto huweka picha ya mswada wa hati za Kiarabu, tuseme mmojawapo wa ile iliyohifadhiwa SOAS, London. Kulia huandika ubeti huo kwa hati za Kirumi. Kiwambo kimoja kikitoweka, hubaki kufungua dirisha hili na kulifunga lile, na katika pilkapilka hizo mshororo mzima huweza kurukwa. Mimi niliruka miwili, na msimamizi wangu akaligundua hilo kabla yangu.

Kiwambo changu kilikuwa na tabia ya mgeni asiyeaga. Asubuhi kilikuwapo, nikiisogeza meza, hakipo. Fundi niliyempelekea alikitazama dakika chache akasema, "Mwalimu, hiki kimekufa. Tafuta kingine." Kingine kilikuwa shilingi 8,500, na fedha hizo ningelazimika kuzichota katika fungu la kuchapisha na kujalidi tasnifu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusoma kama nisomavyo ubeti. Kila kilipogoma, kabla ya kuwa giza, kiwambo kiliandika kwa Kiingereza kwamba hakipati ishara. Maiti haiandiki! Kiwambo kinachotangaza hivyo kinashuhudia kwamba umeme unakifikia na kioo chake ni kizima. Kinachokosekana ni ujumbe kutoka upande wa pili. Fundi aliyapa maneno hayo maana iliyo kinyume kabisa, nami nikamwamini, eti kwa sababu kilikuwa Kiingereza cha mitambo.

Tarakilishi haina macho ya kukiona kiwambo. Hupiga hodi kupitia waya, na kiwambo hujibu kwa waraka mfupi uitwao EDID, wenye baiti 128 kwa uchache, unaotaja mtengenezaji wake, ukubwa wake na vipimo vya picha kinavyovimudu. Kanuni za waraka huo ziliwekwa na shirika la VESA mwaka 1994. Katika waya wa zamani wa VGA, ule wenye kichwa cha buluu na pini 15, jibu hilo hupitia pini ya 12 na ya 15, ilhali rangi nyekundu, kijani na buluu hupitia ya 1, ya 2 na ya 3. Ndiyo maana pini moja iliyopinda yaweza kuiacha njia ya picha ikiwa nzima, huku tarakilishi ikishikilia kwamba hakuna mtu nyumbani. Waya wa HDMI una pini 19, na ya mwisho ndiyo inayoarifu kwamba kuna kifaa kimechomekwa. Mguso wake ukilegea, kiwambo huja na kuondoka kadiri meza inavyotikisika.

Sasa mfikirie mhariri mwenye nakala tatu za utenzi, na katika moja neno limeharibika. Hakimbilii kumlaumu mtunzi. Hulinganisha. Kosa likijitokeza katika kila nakala iliyotoka kwa mnukuzi mmoja, basi mnukuzi ndiye wa kuhojiwa. Nilifanya vivyo hivyo. Niliazima waya wa jirani yangu bwenini, nikauchomeka bila kugusa kitu kingine chochote. Kiwambo kikaonekana, nikaitikisa meza, kikabaki. Nikachukua waya wangu nikauchomeka kwenye kiwambo chake. Chake nacho kikatoweka. Kosa lilikuwa limeufuata waya. Waya mpya ulinigharimu shilingi 400, na uchunguzi wote haukupita robo saa. Lau waya usingekuwa na hatia, ningebadilisha tundu, kisha tarakilishi, kimoja baada ya kingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja huenda akapona bila kujua alichokuwa akiugua.

Si kila kiwambo kinachokosekana kina hitilafu. Kigawanyi cha bei nafuu kinachopokea tundu moja la HDMI na kutoa mawili hurudufisha picha ileile tu. Hakikupi viwambo viwili vyenye kazi tofauti. Matundu ya USB-C yana midomo inayofanana, ila si yote yanayopitisha picha. Nayo MacBook Air ya M1, iliyotoka mwaka 2020, ilitengenezwa kuhudumia kiwambo kimoja tu cha nje, na kubadilisha waya hakutaongeza cha pili. Hapa pana mipaka, na mipaka haitengenezwi na fundi.

Yamkini msomaji atasema kila mtu na kazi yake, na kwamba mafundi nao wana watoto wa kulisha. Sina ugomvi nao. Ninachodai ni kwamba mteja awe na swali moja: umekilinganisha na nini? Fundi wangu hakuwa amekijaribu kwa waya mwingine.

Swali hilo halihitaji istilahi mpya hata moja. Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tulishangilia, na kwa haki, kuona menyu kwa Kiswahili. Lakini menyu ni orodha ya majina na amri. Hitilafu husakwa kwa masharti, na sarufi yetu ina kiambishi -ki- kilicho tayari kwa kazi hiyo: kosa likiufuata waya, ni waya; likibaki kwenye tundu, ni tundu; likikifuata kiwambo hadi kwenye tarakilishi nyingine na waya mwingine, hapo ndipo pa kuzungumzia mazishi. Tunaandika kurasa nyingi kuhusu uundaji wa istilahi, lakini maelezo ya namna hii, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyabandika ukutani, hatuyaandiki.

Napendekeza jarida hili litenge nusu ukurasa katika kila toleo kwa hitilafu moja, ielezwe kwa Kiswahili na mtu aliyeitatua kwa mikono yake. Mimi nimeanza na hii ya kiwambo. Ile ya printa inayotafuna karatasi kila msimu wa kuwasilisha tasnifu namwachia mwenzangu yeyote atakayethubutu kuifungua.