Mwanza yahamia ‘mawinguni’: Mtandao ukikatika, nani anabeba hasara?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

NYUMA ya ofisi nyingi za kampuni za kati jijini Mwanza, iwe katika Barabara ya Kenyatta, Barabara ya Nyerere au kwenye eneo la viwanda la Nyakato, kuna chumba kidogo ambacho mteja hakioni. Ndani yake mna kiyoyozi kisichozimwa usiku wala mchana, kabati la chuma, betri za akiba, nyaya zilizofungwa mafungu mafungu na mashine mbili tatu zinazonguruma. Ufunguo wa chumba hicho hushikwa na mtu mmoja wa idara ya Tehama, na akiwa safarini Bukoba au Musoma kampuni nzima huomba Mungu pasitokee jambo.

Humo ndimo zilimo hesabu za mauzo, mishahara ya wafanyakazi, stoo na madeni ya wateja. Chumba hicho sasa kimo katika mabadiliko makubwa. Wenye kampuni wanashawishiwa na wauzaji wa teknolojia kupunguza mashine zilizomo, au kukifunga kabisa na kuhamishia kila kitu kwenye kile kinachoitwa ‘wingu’, yaani kompyuta za mtu mwingine zilizo Dar es Salaam, Afrika Kusini au Ulaya, ambazo hulipiwa kwa mwezi kama umeme.

Ushawishi huo una hoja za kweli ndani yake. Lakini una pia gharama ambazo kwa mji ulio takriban kilomita 1,100 kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, ambako ndiko mikongo ya kimataifa inakoingilia nchini, si sawa na zile za kampuni iliyoko London au hata Dar es Salaam.

Mabadiliko haya yana hatua mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni teknolojia ya mashine pepe. Zamani kila kazi ilinunuliwa seva yake: moja ya uhasibu, moja ya barua pepe, moja ya stoo. Kila moja ilikula umeme saa 24, na mara nyingi haikutumia hata robo ya uwezo wake. Programu simamizi huigawa seva moja yenye nguvu katika seva nyingi za kufikirika, kila moja ikidhani iko peke yake. Ni kama nyumba ya kupanga ya Mabatini: jengo ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango wake na luku yake, na akihama mmoja wengine hawasumbuki. Kampuni ya Marekani ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ndiyo iliyoieneza zaidi teknolojia hiyo maofisini.

Hatua ya pili inatokana na ya kwanza. Seva ikishageuka kuwa faili linaloweza kunakiliwa na kuhamishwa, si lazima tena ikae katika jengo la mwenye nayo. Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha mashine pepe kwa saa, na wengine wakafuata. Kwa Mwanza hilo halikuwa na maana kubwa wakati huo, kwani intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti, ikiwa ghali na ya kusuasua. Mambo yaligeuka mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza, ukielekea mikoani hadi kwenye mipaka ya Sirari, Mutukula, Rusumo na Kabanga.

Kanda ya Ziwa ina sababu zake za kuutamani wingu. Mtu aliyeishi Mwanza anajua radi za msimu wa mvua, zile zinazotokea ziwani usiku na kuamsha watoto. Radi moja iliyopiga karibu na nguzo ya umeme inaweza kuunguza kwa sekunde kifaa kilichonunuliwa kwa mamilioni. Kuna pia kumbukumbu ya mgao wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, wakati jenereta zilipokuwa zikinguruma kila kona ya jiji. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mashine yake ya tisa na ya mwisho ilikamilika mwaka 2025, liliondoa upungufu wa uzalishaji. Halikuondoa hitilafu za laini, na seva haitofautishi mgao na hitilafu. Kwa yote mawili huzimika.

Serikali yenyewe imekwishachagua njia. Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, kinaendeshwa na TTCL, na mifumo mingi ya umma imeunganishwa badala ya kila ofisi kuwa na seva yake. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza mwaka 2017, ndio unaotoa namba ya malipo kwa mwananchi wa Nyamagana sawa na wa Kinondoni. Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, ulichukua nafasi ya ule wa awali mwaka 2023, na mkandarasi wa Ilemela anayetaka zabuni ya kujenga darasa hana mlango mwingine. Kwa halmashauri hiyo ni nafuu kubwa: inahitaji kompyuta na mtandao tu. Lakini neno ‘tu’ hapo limebeba mzigo mzito.

Uzito wake ulionekana Jumapili ya Mei 12, mwaka 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi Afrika Mashariki. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifikia hatua ya kufunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili. Kampuni ambayo daftari lake la mauzo lilikuwa Ireland au Cape Town ilibaki ikitazama skrini isiyofunguka. Ile ambayo seva yake ilikuwa ndani ya nchi ilikuwa na nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa mawasiliano ya Mwanza na Dar es Salaam hayana haja ya kupita baharini, iwapo watoa huduma wanabadilishana data hapa hapa nchini.

Somo lililochukuliwa na wengi baada ya siku hiyo lilikuwa jepesi: weka data zako Dar es Salaam, usiziweke ng’ambo. Kisha likaja la pili lililovuruga hesabu hiyo. Kuanzia Oktoba 29, mwaka 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, na haikuanza kurejea hadi Novemba 3. Safari hii hapakuwa na mkongo uliokatika. Aliyekuwa akiifikia seva yake ya Dar es Salaam kupitia intaneti ya kawaida hakuwa na nafuu yoyote kuliko aliyeiweka Ulaya. Mwenye nafuu alikuwa yule mwenye mashine yake chumba cha nyuma, ambaye angeweza angalau kuchapa hati ya kupeleka mzigo na kujua nani anamdai.

Mjadala wa kisiasa kuhusu siku zile una mahali pake. Kwa mfanyabiashara swali ni finyu zaidi: kama mtandao unaweza kutokuwapo kwa siku tano, mfumo wake wa kazi umepangwa kwa ajili ya siku ya sita au kwa ajili ya saa ya kwanza? Mikataba ya huduma za wingu kwa kawaida huahidi upatikanaji wa seva. Haiahidi upatikanaji wa njia ya kuifikia. Mtoa huduma anaweza kutimiza ahadi yake kwa asilimia 100 huku mteja wake wa Igoma akiwa gizani wiki nzima.

Viwanda vya kusindika sangara vinaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko biashara nyingine. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia zaidi ya mara moja samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, na tangu wakati huo soko hilo linadai kumbukumbu za kila shehena: ilipotoka, ilipopimwa, joto la chumba cha ubaridi. Samaki hasubiri mtandao urejee. Mizani, vipimo vya joto na lebo za maboksi vinahitaji kompyuta iliyo hatua chache kutoka pale minofu inapokatwa, wakati ripoti za mwezi, mishahara na nakala rudufu zinaweza kukaa mbali bila madhara. Huko ndiko mashine pepe zinakofaa kuliko wingu: seva mbili badala ya nane, moja ikianguka nyingine inabeba kazi zake, na nakala ya usiku inatumwa nje ya jiji.

Suala la fedha nalo halipaswi kupitwa. Seva inanunuliwa mara moja na hudumu miaka mitano au zaidi. Wingu la kampuni za kigeni hulipwa kila mwezi, na hesabu yake hupigwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban Sh2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imevuka Sh2,600, na wakati huo dola zenyewe zilikuwa adimu benki. Mwenye kampuni aliyepiga hesabu ya miaka mitatu kwa kiwango cha zamani alijikuta akilipa zaidi bila kuongeza hata mtumiaji mmoja. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 28, 2025, zinazokataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, zinawapa faida watoa huduma wa ndani, ambao sasa lazima watoze kwa shilingi.

Wala mashine pepe za ndani hazina kinga dhidi ya maamuzi ya mbali. Novemba 2023 VMware ilinunuliwa na Broadcom, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukasitishwa. Mteja analipia kwa muda, muda ukiisha analipa tena. Waliozoea kununua mara moja walilazimika kufikiri upya, na baadhi ya mafundi duniani wamegeukia programu huria kama Proxmox. Programu hizo hazina ada ya leseni, lakini zinadai fundi anayezielewa kwa undani.

Na fundi huyo ndiye anayesahauliwa katika mazungumzo haya. Wauzaji wa wingu husema kampuni haitamhitaji tena. Mwandishi wa makala haya haamini hivyo. Kazi ya kubadilisha diski na kufuta vumbi itapungua, ni kweli, lakini kazi ya kupanga nani anaona nini, kujaribu kama nakala rudufu kweli inafunguka, na kusoma ankara ya wingu yenye kurasa nyingi inaongezeka. Mara nyingi kosa la mpangilio, si wizi wa kishujaa, ndilo linaloacha data za wateja wazi kwa dunia nzima.

Kosa hilo sasa lina bei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, jambo linalozigusa moja kwa moja hospitali za kanda hii, kuanzia Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, hadi zahanati binafsi zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa kwa programu za kukodi. Kuzipeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti, na kibali cha Tume ni sehemu yake.

Hapo ndipo jiografia ya Ziwa inapogongana na mpaka. Nairobi iko karibu na Mwanza kuliko ilivyo Dar es Salaam, na Kenya imekuwa ikivutia vituo vikubwa: Mei 2024 Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja wenye kituo cha data kitakachotumia umeme wa jotoardhi wa Olkaria. Kwa kebo, nakala ya akiba iliyovuka Sirari ingekuwa na njia tofauti kabisa na ile ya Dar es Salaam. Kwa sheria, imekwenda ng’ambo kama vile imekwenda Ireland.

Njia ya tatu, kituo cha data cha kibiashara chenye hadhi kamili kwenye kanda hii, kinachotoza kwa shilingi na kufikiwa kwa laini binafsi bila kupitia intaneti ya umma, kinahitaji wateja wa kutosha ili kijilipe. Migodi ya Geita na Kahama, mabenki, viwanda vya samaki, hospitali na vyuo kwa pamoja huenda wakatosha. Mmoja mmoja hawatoshi, na kwa sasa kila mmoja anajadiliana na muuzaji wake peke yake.