UCHAMBUZI: Kipimo kisicho na sindano hakitoshi bila dawa

KATIKA utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, waliwapangusa ngozi wagonjwa 67 waliolazwa hospitalini. Waligundua kuwa mafuta ya ngozi ya wenye Covid-19 yalitofautiana na ya wasiokuwa nayo.

Habari hiyo ina uzito wake mjini Eldoret, ambako kusaka virusi mwilini ni kazi ya miaka mingi. Huko ndiko mpango wa AMPATH ulikoanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ili kukabiliana na Ukimwi. Wahudumu wake walipoanza baadaye kupima VVU nyumba kwa nyumba, walitoboa kidole wapate tone la damu.

Mwaka 2017, Kenya ilizindua vifaa vya kujipima, kikiwemo kinachopanguswa kwenye ufizi. Sindano iliondoka, lakini anayeonekana kuwa na virusi bado sharti athibitishwe kwa damu kituoni.

Kipimo cha mafuta ya ngozi kiko nyuma zaidi. Waliopimwa walikuwa wachache, na uchunguzi ulihitaji mashine ghali ya maabara, isiyobebeka hadi vijijini.

Isitoshe, kipimo ni mlango tu. Marekani iliposimamisha misaada ya kigeni Januari 2025, huduma za VVU zilizoitegemea nchini Kenya zilitikisika. Atakayeijua hali yake bila kuchomwa, kisha akakosa dawa, atakuwa ameepushiwa maumivu ya kidole pekee.