Mauaji ya Isiolo na khiana isiyotajwa na sheria

Askofu Luigi Locati alibakiza siku tisa kutimiza miaka 77 alipoviziwa na kupigwa risasi mjini Isiolo jioni ya Julai 14, 2005, akitembea kwenda nyumbani kwake. Baadaye Mahakama Kuu ilimtia hatiani kasisi wa vikariati yake mwenyewe pamoja na watu wengine, wakahukumiwa kifo.

Mwananchi wa kawaida akisikia kisa hicho huuliza kwanza nani alimgeuka mzee huyo. Sheria ya Kenya haiulizi hivyo. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu 203 na 206, hutafuta nia: je, mshtakiwa alikusudia kuua au kuleta madhara makubwa, au alijua kitendo chake kingeelekea huko? Awe mgeni au mwandani, ameshambulia uso kwa uso au gizani, kosa ni lile lile.

Kwingineko sivyo. Hispania na Ufilipino huihesabu khiana ndani ya sheria zenyewe. Kumshambulia mtu kwa njia inayomnyima nafasi ya kujitetea hupandisha daraja la kosa. Hata huko, kinachopimwa ni namna ya kuua, si urafiki uliovunjwa.

Ajabu ni kwamba Uingereza, iliyoirithisha Kenya sheria zake, iliwahi kwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 1351 ilimtaja waziwazi kasisi amwuaye mkuu wake wa kanisa, sawa na mtumishi amwuaye bwana wake na mke amwuaye mumewe, ikaliita kosa hilo uhaini mdogo. (Mume amwuaye mkewe hakutajwa.) Kosa hilo lilifutwa mwaka 1828, karne nzima kabla ya Kenya kupata Kanuni ya Adhabu ya 1930.

Kwa miaka mingi pengo hilo halikuonekana, kwa kuwa adhabu ilikuwa moja tu: kifo. Lakini Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliuondoa ulazima huo. Mwongozo wake wa Julai 2021 unamtaka jaji anayepima adhabu upya aangalie, miongoni mwa mengine, namna mauaji yalivyotekelezwa.

Maneno hayo yanabeba kuvizia bila taabu. Kuvunja imani ni jambo jingine, na hapo jaji ameachiwa busara yake. Uzito wa suala hili ni kwamba anayevizia na anayesaliti huenda wasiwe mtu mmoja. Mwenye bunduki pengine hamfahamu kabisa marehemu. Anayemfahamu, anayejua saa zake na njia yake, huenda hakukaribia hata mahali pa mauaji.