Begi la Mgongoni Siyo Dalili ya Kufulia

Kuna mtangazaji mmoja wa kike, jina tunalihifadhi japo mjini anajulikana sana, kaposti picha akishuka treni ya SGR Dodoma. Nywele safi, raba nyeupe, mgongoni begi jeusi lililopauka kidogo kwenye kona. Watu hawakuona nywele wala raba. Komenti zote zikawa za begi: "Dada umefulia?", "Kumbe hata begi la matairi huna?" Mwingine akamwekea pembeni picha ya staa wa filamu aliyetua Zanzibar na mabegi manne ya rangi moja, makubwa kwa madogo, yamepangwa kama watoto wa shule mstarini.

Hapo ndipo mji unapochekesha. Yule wa mabegi manne hakubeba hata moja. Picha haikumwonyesha hamali aliyeyashusha botini wala kijana wa hoteli aliyeyasukuma ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako sehemu nyingi gari haiingii. Staa ana watu wake wa kubeba. Shabiki anayeiga ana mikono miwili tu, na mmoja umeshika simu.

Mtangazaji naye alikuwa na ratiba ya binadamu wa kawaida. Bodaboda alfajiri mpaka stesheni, treni, bajaji, kikao, kesho yake basi la Singida kwenye harusi. Kapakia nguo za kazi, gauni la sherehe na laptopu. Begi la matairi kwenye bodaboda kila mtu anajua linavyokuwa: dereva kalipakata juu ya tenki, abiria nyuma anasali. Kwa safari inayobadilisha usafiri mara nyingi hivyo, yule dada ndiye aliyejipanga.

Haimaanishi kila begi la mgongoni ni zuri. Mengi yanayouzwa mjini ni ya kupigia picha. Chukua lile begi dogo la mraba lenye nembo ya mbweha, ambalo kopi zake zimezagaa. Lile la asili, Kånken, lilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya watoto wa shule wa Uswidi, na linabeba lita 16. Kwa daftari ni sawa kabisa. Ukijaza nguo za siku nne ukaondoka nalo Mbezi kwenda Mwanza, mabega yatalia kabla ya Singida.

Siri ya begi la safari ni kiuno. Mkanda mpana wa kiunoni, ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na kukazwa vizuri, unachukua sehemu kubwa ya uzito, na mikanda ya mabegani inabaki kulishikilia begi lisiyumbe. Wabongo wengi mkanda huo wanauacha unaning'inia kama pambo, wengine wanaukata kabisa eti unazuia. Halafu jioni wanatafuta wa kuwakanda. Kitu kingine ni urefu wa mgongo, siyo urefu wa mtu. Unapimwa kutoka kwenye kile kinundu cha chini ya shingo hadi usawa wa mifupa ya nyonga. Mrefu anaweza kuwa na mgongo mfupi, ndiyo maana begi linalomkaa rafiki yako linaweza kukutesa.

Ukubwa nao una mtego wake. Lita 30 mpaka 40 zinatosha safari ya siku tatu hadi tano. Ukinunua la lita 60 utalijaza, hata kama safari ni ya Bagamoyo. Kwenye ndege mashirika mengi yanataka begi la mkononi lisizidi kilo 7, na begi lenyewe tupu likiwa na kilo 2 hesabu imeshapungua. Zile ndege ndogo za mbugani ndiyo kabisa, kwa kawaida ni kilo 15 jumla na begi liwe laini. Mabegi manne ya staa pale yangebaki uwanjani.

Mpangilio wengi wanauchukulia kama urembo. Mfano ni huu: ndege imejaa, mhudumu anasema begi lako linashushwa chini. Pawa benki haruhusiwi kwenda nalo huko, lazima ubaki nalo mkononi. Mwenye begi linalofunguka juu tu kama gunia atamwaga hadi nguo za ndani mbele ya foleni nzima. Mwenye begi ambalo zipu inazunguka pande tatu, likafunguka kama sanduku, anachomoa anapita. Lakini mifuko ikizidi nayo ni balaa, kuna mabegi ambayo mwenyewe hajui funguo kaziweka wapi. Inatosha sehemu kubwa moja, ya laptopu moja, na kamfuko kanakogusa mgongo kwa ajili ya pesa na kitambulisho. Mfuko wa nje ndani ya daladala ni mali ya umma.

Mvua isisahaulike. Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo ule ujanja wa kufunga nguo ndani ya rambo haupo tena. Bora begi lenye kifuniko chake cha mvua.

Kwa haki, begi la matairi lina watu wake. Mama mjamzito, mwenye mgongo mbovu, mfanyabiashara anayerudi Dubai na mzigo, hao waacheni waburuze.

Na siyo lazima uwe na laki tatu. Mitumba ya Karume inatoa mabegi ya maana kwa anayejua kukagua. Fungua na kufunga zipu zote, vuta mikanda pale iliposhonwa, kisha ingiza mkono ndani. Ukitoka na ungaunga au ndani kunanata, ile dawa ya kuzuia maji imeoza na hairudi. Likipita hapo, weka chupa sita za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo 9, funga mkanda wa kiunoni, tembea sokoni dakika kumi. Muuzaji akigoma, meza nyingine iko hatua tatu.