Ishara ya Luvumbu: nani analipa bei ya kusema?

Mwezi wa pili 2024 Héritier Luvumbu alipoteza kazi yake Kigali. Kwa vijana wanaocheza mpira hapa Bunia, kuanzia viwanja vya Bigo mpaka Mudzi-Pela, swali lake halijaisha: alifanya vema, au alijiharibia maisha? Tunairudilia habari hii kwa sababu mambo mengi yametokea tangu siku ile, na yanasaidia kuiona vizuri zaidi.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kule Abidjan, Leopards walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili wakaviweka pembeni ya kichwa kama mtutu wa bunduki. Walifungwa 1-0, goli la Sébastien Haller. Lakini foto ile ilizunguka dunia nzima, na kila mtu alielewa: watu wanauawa Mashariki ya Congo, na dunia imenyamaza.

Siku 4 baadaye, Jumapili tarehe 11, Rayon Sports ilikuwa inacheza na Police FC pale Kigali katika ligi ya Rwanda. Luvumbu, Mcongomani aliyevaa jezi ya Rayon Sports, alifunga goli. Badala ya kushangilia, akafunika mdomo na kuweka vidole kichwani. Haikupita hata juma moja: shirikisho la mpira la Rwanda, FERWAFA, likamfungia miezi 6, kwa kosa la kuingiza siasa katika michezo. Klabu yake ikalaumu tendo lile na kutangaza kwamba imeachana naye. Akarudi Kinshasa, akapokelewa kama shujaa.

Ishara ilikuwa ileile moja. Bei ndiyo haikuwa moja.

Wale wa Abidjan walikuwa kundi. Walikuwa na taifa lote nyuma yao, na kila mmoja alikuwa na mwajiri wake mbali na ugomvi huu. Chancel Mbemba alikuwa anachezea Marseille, Yoane Wissa alikuwa Brentford. Mashindano yalipokwisha, walirudi kwenye klabu zao na kazi ikaendelea. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau. Walifanya jambo ambalo wanasiasa wetu wengi hawakuweza kulifanya kwa hotuba 100. Lakini Luvumbu alikuwa peke yake, katika nchi ambayo serikali yetu inaishitaki kuwa iko nyuma ya M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo katika ripoti zao, na Rwanda inakana. Mwezi ule vita vilikuwa Sake, karibu kabisa na Goma. Mkate wake, nyumba yake, karatasi zake za kuishi, vyote vilikuwa mkononi mwa watu wa Kigali.

Na yeye si nyota wa mamilioni. Ni mchezaji wa kuzunguka, aina ambayo Congo inaizaa kwa wingi na haiizungumzii sana. Alipita AS Vita Club ya Kinshasa, akaenda Ubelgiji kwa Union Saint-Gilloise, akacheza Moroko na Angola, na Rwanda alikuja, akaondoka, akarudi tena. Mchezaji wa namna hiyo hupewa mkataba wa msimu mmoja au miwili. Nyumba mara nyingi ni ya klabu. Mshahara ukichelewa, anamwandikia mke wake avumilie. Akiumia goti, mkataba unaofuata unapungua au unapotea. Na nyumbani kuna watu wengi wanaongoja tarehe ya Western Union kuliko wanavyongoja tarehe ya mechi. Miezi 6 kwa mtu wa namna hiyo ni kama mkulima kukosa majira mawili ya mvua.

Kuna jambo lingine, la uchungu kidogo. Mwaka 2016 Rwanda ndiyo iliyoandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao. Congo ilichukua kombe palepale Kigali kwa kuifunga Mali 3-0, na Luvumbu alikuwa katika kikosi kile. Kwa hiyo mji uliomfukuza ni mji uliomwona bingwa. Tena wapenzi wa Rayon Sports, wenye jezi za bluu na nyeupe, walikuwa wamemwimbia jina lake wiki baada ya wiki. Tusilisahau hilo tunapozungumza juu ya jirani zetu. Waliomfungia walikuwa viongozi katika ofisi. Mtu wa jukwaani hakuulizwa.

Sasa tuitazame ishara yenyewe, maana katika kelele zile wachache waliitazama vizuri. Vidole vile vinaelekezwa wapi? Vinaelekezwa kwenye kichwa cha yule anayeifanya. Havimwelekei jirani, havitaji jina la nchi, havitaji jina la rais. Ni ishara ya mtu anayeuawa, si ya mtu anayeshitaki. Kigali waliisikia kama mashitaka, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini kama ishara ya maiti inakufanya ujione umeshitakiwa, neno hilo halikutoka kwa mchezaji.

Kwetu Ituri jambo hili lina uzito wa pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, katika kambi ya Plaine Savo kule Djugu, watu karibu 60 waliuawa, watu waliokuwa wamekwisha kukimbia mara ya kwanza. Waliowaua walikuwa CODECO, watoto wa mkoa huu huu. Tarehe 27 mwezi wa saba 2025, kule Komanda, waamini wa parokia ya Kikatoliki waliokuwa katika mkesha wa sala waliuawa na ADF, zaidi ya 40. Katika makaburi yale hakuna M23. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na bado tunazika.

Kwa hiyo anayefanya ishara ile hapa Bunia asidhani kwamba inamhusu mtu wa ng'ambo ya mpaka tu. Mkono ule unafunika mdomo wa nani? Kati yetu kuna mtu anayejua ni nani alipeleka chakula msituni. Kuna mwingine anayejua ni nani alinunua dhahabu ya wauaji, na ni mzee gani aliyesema maneno ya chuki kwenye matanga. Tumenyamaza kwa sababu ni wa kabila letu. Luvumbu alifanya ishara yake mbele ya watu walioweza kumnyima mkate. Wengi wetu tunaifanya mbele ya wale wanaotupigia makofi.

Turudi kwenye sababu iliyotolewa na FERWAFA: siasa isiingie katika michezo. Kanuni yenyewe ipo. FIFA inakataza kutumia mechi kwa maonyesho yasiyo ya kimichezo, na shirikisho la nchi lina haki ya kumwadhibu mchezaji. Hatutabishana na kitabu. Lakini tazama mikono ya jezi za Arsenal tangu 2018: Visit Rwanda. Paris Saint-Germain walifuata mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023. Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya baiskeli ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Yote hayo ni nchi inayojenga jina lake kwa njia ya michezo, na hakuna aliyeita hayo siasa alipokuwa anasaini.

Mwanzoni mwa 2025, wakati M23 ilipoingia Goma na baadaye Bukavu, serikali yetu iliziandikia klabu zile tatu kuziomba ziachane na Rwanda. Bayern walibadilisha mapatano yao, na Arsenal walitangaza kwamba yao yatakwisha mwishoni mwa msimu wa 2025-2026. Paris wameongeza muda. Na serikali yetu ilifanya nini baadaye? Ilifuata njia ileile. Katikati ya 2025 ilisaini na Monaco, na AC Milan, na Barcelona. Ile ya Barcelona peke yake ni zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka 4, ili maneno ya kuisifu Congo kuwa moyo wa Afrika yaandikwe mgongoni mwa nguo za mazoezi. Sisi tunaoona wakimbizi wanalala chini ya maturubai karibu na mji huu tunaweza kuhesabu wenyewe pesa zile zingefanya nini.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa wazi. Siasa katika mpira inaruhusiwa, ila ina mlango wake. Ukipita na milioni za euro, unakaribishwa kwa maua na foto. Ukipita na mkono mdomoni, na huna kitu isipokuwa mkataba wa msimu, unatolewa nje. Na Kinshasa ambayo ilimpokea Luvumbu kwa shangwe ni ileile ambayo, ilipopata pesa za mpira, iliona vema kuzipeleka Hispania. Mapokezi ya uwanja wa ndege ni jambo zuri, lakini hayalipi kodi ya nyumba ya mwezi wa tatu.

Wengine wamesema: angenyamaza tu, yeye ni mgeni, kula kwa watu kuna heshima yake. Neno hili si la kutupwa. Mgeni ana adabu zake, na wahenga wetu walilijua hilo. Biblia yenyewe inatuletea Naamani, jemadari wa Shamu, ambaye baada ya kuponywa alimwomba Elisha msamaha mapema: bwana wake atakapoingia nyumba ya Rimoni akiegemea mkono wake, yeye naye atalazimika kuinama. Elisha hakumkemea. Alimwacha aende kwa amani. Ni habari tunayoihubiri kidogo sana, labda kwa sababu inatutatiza. Kuna watu wetu wengi wanaoinama katika nyumba ya Rimoni ili watoto wao wasome: Kampala, Dubai, Kigali, hata katika makampuni ya hapa. Kanisa lisiwaite waoga. Lakini vilevile, siku mmoja wao anapokataa kuinama, lisimwite mjinga.

Mzazi wa Bigo ambaye kijana wake ana miguu mizuri na anaota kutoka atauliza: basi nimwambie nini? Tutamjibu kwa mambo ya chini, yasiyo ya shujaa. Mkataba usomwe na mtu anayejua sheria kabla ya kutia sahihi, si baada. Kijana ajue kwamba adhabu ndefu ya shirikisho la nchi moja, ya zaidi ya mechi 4 au miezi 3, kwa kawaida haivuki mpaka, isipokuwa FIFA yenyewe iipanue. Wachezaji wengi hawajui hili na hukaa miezi nyumbani bure. Ajue kwamba klabu ikimfukuza bila sababu ya haki, FIFA ina chumba cha kusikiliza mashitaka ya namna hiyo, lakini akitia sahihi karatasi ya kuachana kwa hiari, madai mengi yanakufa palepale. Na sehemu ya mshahara ikae mahali ambapo mjomba hawezi kuifikia. Kijana aliye na akiba ya miezi 6 anaweza kuamua mwenyewe kama atasema au atanyamaza. Asiye nayo, ameshaamuliwa na wengine.

Na yule atakayeamua kusema, atakaporudi, tusimwache kwa waziri na wapiga foto peke yao. Katika makanisa yetu tumezoea kuchangia msiba, arusi, na safari ya hospitali. Mchezaji aliyefungiwa miezi 6 kwa ajili ya wafu wetu hana mahali katika orodha hiyo. Wala mwalimu aliyekataa kusaini hesabu za uongo, wala dereva aliyefukuzwa kwa kukataa kupakia mzigo wa wenye silaha. Orodha hiyo inaandikwa na kamati za parokia na vikundi vya akina mama, katika mikutano ya kawaida ya Jumapili baada ya ibada.