X na Y Si Mwisho wa Somo

Mwalimu wa bayolojia jijini Kisumu huandika ubaoni kwamba XX ni mwanamke na XY ni mwanamume. Kengele hulia, nao wanafunzi huenda zao wakidhani mambo yamekwisha. Laiti angewapeleka kwenye vituo vya kuzalishia vifaranga vya ngege karibu na Ziwa Viktoria! Huko vifaranga wachanga hulishwa homoni ya kiume kwa majuma machache ili wote wawe madume, kwa kuwa dume hukua upesi, tena bwawa halijai wana. Kifaranga mwenye kromosomu za jike hutokea dume, ilhali kromosomu zake zi vilevile.

Binadamu si ngege; hakuna chakula kitakachomgeuza. Hata hivyo, kwake pia kromosomu ni mwanzo tu wa safari. Mwaka wa 1990 watafiti wa London walitangaza kuipata jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa katika kromosomu Y na ndiyo huanzisha kuumbika kwa korodani. Jeni hiyo ikihamia kwenye X, mwenye XX aweza kuzaliwa mvulana. Yuko pia mwenye XY ambaye mwili wake hauitiki homoni za kiume, akazaliwa na kukua msichana. Wengine huzaliwa na maumbile yasiyo bayana. Wote hawa twawaita mahuntha.

Yaliyowapata hayafai kufichwa. Mnamo 2017 wakunga wa jadi wa magharibi mwa Kenya waliwaeleza waandishi wa BBC kwamba zamani watoto kama hao waliuawa punde wazaliwapo. Kwa Kijaluo ilisemwa tu kwamba kiazi kitamu kimevunjwa. Lugha ilipewa kazi ya kufukia kaburi.

Sensa ya 2019 ilihesabu mahuntha 1,524 nchini. Nashuku ni wachache mno. Nani angemfungulia karani wa sensa siri aliyowaficha hata majirani? Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto huntha haki ya kuheshimiwa, kutibiwa na kuelimishwa. Lakini aketiye darasani ni kijana wa miaka 14, ambaye wenzake wamebalehe naye bado, akisoma ubaoni kwamba hayumo. Kengele ikilia, ataelekea kwenye bweni la wasichana au la wavulana, kwa maana shuleni hakuna jingine.