Msondo Ngoma Miaka 60: Hongera Kutoka Mbulu na Hanang

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika waliasi, na mwezi uliofuata serikali ikavunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, ikaunda chama kimoja tu, NUTA. Mwaka huohuo NUTA ikaanzisha bendi ya dansi. NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo mashabiki wanaiita Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Bendi iliyozaliwa kabla ya Hanang kutengwa na Mbulu kuwa wilaya imeshavuka miaka 60 na bado inapiga.

Tunaipongeza kwa moyo mkunjufu, na sababu yetu kubwa ni ajira. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa: vyombo ni vya chama, mshahara ni wa chama, na chama kiliishi kwa makato ya wafanyakazi. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo, mmoja wa waimbaji wake wakubwa, alilipwa kwa kazi ya kuimba. Kwa hiyo bendi iliweza kuimba Azimio la Arusha la 1967, kazi na ujamaa, kisha usiku huohuo ikageukia mapenzi na ugomvi wa ndoa, na watu wakacheza yote. Siasa haikutengewa jukwaa lake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi, na sauti ikafika hadi huku kwenye bonde la ufa.

Lakini wimbo wa mwajiri una mpaka wake, na hapa Hanang tunaujua vizuri. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo, yaliyosaidiwa na Kanada yalienea Basotu, Setchet, Mulbadaw na Gawal, yakameza malisho ya Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, pamoja na makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ikawanyima ushindi mwaka 1985. Bendi ya chama cha wafanyakazi chini ya chama tawala haikuwa mahali pa kuimba kilio hicho. Hatuwalaumu wanamuziki. Tunasema tu kwamba kilio kilihitaji waimbaji wake, nao walikuwepo: wanawake wa Kidatoga na nyimbo zao za kumwomba Mungu, wazee wa Kiiraqw na sala zao za slufay, ambapo mmoja hutamka na kusanyiko likaitikia, wakiomba mvua, amani na ardhi ya watu wao. Hizo nazo ni nyimbo za siasa, hata kama hazikuwahi kupata gitaa.

Tofauti ni kwamba NUTA Jazz ilipata mshahara na kurekodiwa, na hao wengine hawakupata ajira wala studio. Wazee wengi wamekwisha kwenda na maneno yao.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za Mbulu na Hanang zitenge fedha katika bajeti ijayo, zirekodi nyimbo hizi zikiwa na majina ya waimbaji wake, na kuwalipa waimbaji kama NUTA ilivyowalipa wake. Na Msondo Ngoma tunawakaribisha Katesh na Mbulu mjini; wakija, wapewe jukwaa moja na waimbaji wetu.